Lenzi ya Papa na Pete Yenye Mota

Papa alipoona mikono yake imeanza kutetemeka, alitugawia vitu vyake vya kazi. Mimi, mtoto wake wa kwanza, niliyefanya naye kazi miaka mingi mu studio yetu ya Kasenga, nilipewa studio. Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa akifundisha shule na kupiga picha siku za mapumziko, alipewa lenzi.

Ni lenzi nzito ya chuma, ya zamani, aliyoinunua Bujumbura kabla hatujazaliwa. Haina umeme ndani yake. Ukitaka picha iwe neti, yaani ionekane wazi bila ukungu, unazungusha pete yake kwa vidole, taratibu, macho yakiwa kwenye kioo. Kwa lenzi hiyo Papa alipiga komunyo na harusi za nusu ya mtaa wetu. Niliwaambia watu kwamba nimeridhika, kwa sababu studio ina milango na lenzi haina. Haikuwa kweli. Ile lenzi niliitaka tangu nikiwa mdogo.

Kitu kimoja kilinituliza. Mdogo wangu alipoifunga kwenye apareyi yake, kamera ya kisasa, hakuweza kuizungusha kwa haraka. Bibi harusi akipiga hatua moja, picha inaingia ukungu. Alikuwa ananionyesha picha zake na kuuliza, akiniita yaya kama wadogo wa kwetu wanavyowaita wakubwa wao, "Yaya, hapa nimekosea wapi?" Nilimweleza kwa upole wote, na moyoni nilifurahi. Papa alikuwa amekosea kuchagua, na picha zile zilikuwa ushahidi wangu.

Halafu siku moja alirudi kutoka Bujumbura na pete nyeusi, nyembamba kama kifuniko cha chupa ya asali. Tulikuwa uani kwa Papa, naye ameketi kwenye kiti chake. Mdogo wangu alifunga pete ile kwenye apareyi, kisha lenzi ya Papa juu yake. Akamlenga Papa, akabonyeza. Ndani kukasikika sauti ndogo ya mota, na lenzi nzima ikasogea mbele yenyewe, ikasimama.

"Papa, angalia. Iko inatembea peke yake!"

"Hapana," Papa alisema, haamini. "Bonyeza tena."

Akabonyeza tena. Papa akaweka kidole juu ya chuma ili aisikie ikitembea, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mimi sikuwahi kumchekesha namna hiyo.

Mdogo wangu alinigeukia akanieleza, maana alikuwa ananieleza kila kitu. "Iko na sharti moja tu, yaya. Pete ya lenzi lazima ikae kwenye hii alama ya mbali, hii nane iliyolala. Ukiiacha kwenye karibu, mota haitafika, picha itaingia ukungu."

Nilisema, "Nimeelewa." Siku hiyo sikubaki kula nao chakula cha jioni. Kile nilichokuwa namzidi nacho, vidole vyangu, kilikuwa kimenunuliwa dukani.

Baada ya muda familia moja ilituita sote wawili kwenye harusi Nyakabere. Baba wa bibi harusi alikuwa mgonjwa wa miguu, hajasimama kwa miezi mingi. Walimleta kanisani amebebwa, wakamketisha kwenye benchi la mbele. Tulipatana kwamba mdogo wangu akae mbele, karibu na familia, na mimi nikae nyuma, nichukue watu wote.

Kabla ya kuingia, shela ya bibi harusi ilifunguka. Mdogo wangu alinikabidhi apareyi yake, akasema, "Nishikie kidogo," akaenda kuifunga kwa pini. Nilikuwa nimesimama peke yangu kwenye ukuta wa kanisa. Kidole changu kiliipata pete ya lenzi. Niliizungusha kutoka nane iliyolala mpaka mwisho wa karibu. Haikuchukua hata muda wa kupumua. Aliporudi nilimpa apareyi yake, naye akasema asante.

Nilichotaka kilikuwa kidogo tu: picha chache zenye ukungu, ili ajue kwamba mota si mtu. Lakini bibi harusi alipofika mbele, baba yake alishika benchi kwa mikono miwili akasimama. Hakuna aliyemsaidia. Kwaya ilinyamaza yenyewe. Kutoka nilipokuwa, niliona mgongo wake tu. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa mbele ya uso wake, na nilimwona anabonyeza, anatazama, anazima apareyi, anaiwasha, anabonyeza tena. Mwisho akaishika lenzi kwa vidole akazungusha kama zamani. Ilipokuwa neti, mzee alikuwa amekwisha kuketi.

Baada ya ibada bibi harusi alimfuata mdogo wangu. "Dada, ulimupata Papa wangu amesimama?"

"Sikumupata. Ni kosa yangu. Unisamehe."

Nilikuwa pembeni yake. Nilijifanya nafunga begi langu.

Hata ilipofanya kazi vizuri nyumbani, lenzi ikiwa imerudishwa kwenye nane iliyolala, mdogo wangu hakuiamini tena ile pete yenye mota. Wiki iliyofuata alikuja studio, akaweka lenzi ya Papa mezani kwangu, imefungwa ndani ya kitambaa.

"Ichukue, yaya. Papa alikosea. Minye siko na mikono ya hii kazi."

Nilikifungua kile kitambaa. Niliishika lenzi, na nilitaka kweli kuichukua. Halafu nikamwambia nilichofanya ukutani mwa kanisa.

Hakupiga kelele. Aliuliza, "Weye?" Kisha akauliza tena, "Weye, yaya?" Akaifunga lenzi yake, na mlangoni akasema, "Mimi sio wa kuombwa musamaha wa kwanza. Nenda Nyakabere."

Yeye alitangulia. Alikwenda kumpiga picha yule mzee akiwa ameketi mlangoni kwake, kwa lenzi ya Papa na pete yenye mota. Mimi ilinichukua majuma matatu kuthubutu kupanda pikipiki ya kwenda kwake.

Mzee alinipokea ndani. Picha ilikuwa imetundikwa ukutani: uso wake, kila kunyanzi neti, na nyuma yake mashamba ya mpunga yameyeyuka kuwa kijani tupu. Nilikuwa nimekuja kuomba msamaha, na bado nilisimama pale nikitamani picha ile iwe yangu.

Nilimweleza yote. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilingoja anifukuze. Badala yake aliuliza, "Weye ulikuwa nyuma?"

"Ndiyo, papa."

"Uliniona?"

"Nilikuona mgongo."

"Nilikuwa wima, ao nilikuwa nimeinama? Minye sikujiona. Watoto wanasema wima, lakini wale ni watoto wangu."

Nilimwambia nilichokiona: mikono iliachia benchi, kwanza wa kushoto, halafu wa kulia. Mabega yalipanda. Kola ya koti ilikaa sawa shingoni. Alikuwa wima.

Akafumba macho, akaniomba nianze tena, polepole.