Muziki Usiokuwa wa Otema

Ayaa alizaliwa na kukulia katika layini za Naguru, safu za nyumba za askari polisi, binti wa sajini kutoka Kitgum, na tangu utotoni alikuwa amejifunza kuwaogopa wanaume wenye maneno mengi. Otema hakuwa na maneno mengi. Alikuwa konstebo mpya, ameletwa baada ya vita kwisha, mrefu, mkimya, na Jumapili alipiga kinanda katika kanisa la kambi. Alipomjia Ayaa alikuja na redio mkononi, na ndani ya redio kaseti.

"Sikiliza hii," alimwambia, "halafu uniambie ukweli."

Walikaa kwenye benchi nje ya nyumba ya mama yake Ayaa, redio katikati yao. Siku hizo kila mlango wa layini ulimwaga magitaa ya Kikongo, na Ayaa alitazamia kitu cha namna hiyo. Badala yake ukaja mdundo mmoja, mkavu, kama tone la bomba linaloangukia karai tupu. Tone. Kimya. Tone. Kisha kinanda cha umeme, sauti moja moja, nyembamba, kisicho na haraka ya kwenda popote. Kisha mwanamke akaimba kama mtu anayejisemea peke yake huku akifua nguo, kwa maneno ambayo Ayaa hakuwa amewahi kuyasikia. Hapakuwa na gitaa, hapakuwa na kiitikio cha kushangiliwa. Nafasi ilikuwa nyingi kuliko muziki wenyewe. Mwili ulimsisimka.

"Nani huyu?"

Otema alitazama chini. "Mimi."

Akaeleza kwamba aliutengeneza Nairobi kabla ya kujiunga na polisi, kwa jamaa mmoja aliyekuwa na mashine za umeme. Aliyeimba ni dada wa yule jamaa. Maneno je? Aliyabuni mwenyewe, si lugha ya mtu yeyote. Neno moja lilikuwa likijirudia, lumi, lumi, na Ayaa akauliza lina maana gani.

Otema akafikiri kidogo. "Yule anayengojewa."

Basi, moyo wa Ayaa ukawa umekwenda hapo hapo.

Mama yake hakupendezwa. Fundi mmoja wa reli alikuwa ameshatuma watu kuja kuposa. "Huyu wako ana nini?" mama aliuliza, na Ayaa akajibu, "Ana kitu kichwani ambacho hapa hakuna mwingine anacho." Wakaoana. Onen, konstebo aliyekuwa akilinda na Otema bandarini Port Bell, akawa msimamizi wa harusi. Alipozaliwa mtoto wa kike, Ayaa hakuhangaika kutafuta jina. Akamwita Lumi.

Ule ukimya wa Otema, ambao Ayaa aliuona kuwa ni kina, uligeuka kuwa ukimya tu. Alinuna wiki nzima bila sababu. Alikunywa. Alimdharau mama mkwe wake mbele ya wageni. Akawa na mwanamke huko Luzira, na layini nzima ikajua kabla ya mkewe. Kila yalipomfika shingoni, Ayaa alifunga mlango, akaiweka ile kaseti, akakaa kitandani akasikiliza. Mtu aliyeweza kutoa kitu kama hiki, alijiambia, hawezi kuwa mbaya mpaka ndani. Kaseti ilipofika mwisho alikuwa amekwisha kusamehe.

Mara nyingine alimwomba atunge wimbo mwingine. "Ule moyo umekwisha," Otema alijibu. "Upolisi umeumaliza." Na Ayaa alimwonea huruma.

Wakati huo Ayaa alikuwa amepata kazi hospitali ya Mulago, katika karakana ya viungo bandia na magongo, akishona mikanda ya ngozi na mito ya kuegemea. Mwaka wa 1998 alikuja hapo mgeni aitwaye Vera, mtaalamu wa kuwafundisha wagonjwa kutembea upya. Alitoka Estonia, nchi ambayo Ayaa hakuwahi kuisikia. Vera alipomwonyesha kwenye ramani, ncha ya kidole chake iliifunika yote. Vera alipenda kufanya kazi huku kaseti zake zikilia taratibu mezani.

Alasiri moja lilidondoka lile tone.

Ayaa alisimamisha cherehani. Jambo la kwanza lililomjia lilikuwa fahari, fahari tupu, kwamba wimbo wa Otema umefika mbali kiasi hiki.

"Huo ni wa mume wangu!" alisema.

Vera alicheka, akidhani ni utani. Ayaa akaimba mstari uliokuwa ukifuata, kabla haujaimbwa, neno kwa neno. Kicheko kikamwisha Vera. Alipunguza sauti.

"Umeujuaje? Hata kwetu watu wengi hawaujui. Ni vijana watatu wa mji wangu. Walikuwa hawana studio, walirekodi jikoni, wakawa wananakili kaseti na kuwagawia marafiki. Huyu anayeimba alikuwa jirani yetu."

Ayaa akauliza, "Lumi ni nini?"

"Theluji. Anasema theluji inaanguka na yeye hataki kutoka nje."

Ayaa akarudi kwenye cherehani. Alishona mkanda mzima kinyume, akaufumua, akaushona tena.

Hakwenda kwa mumewe moja kwa moja. Alipitia kwa Onen, kwa sababu moyo wake ulikuwa bado unatafuta mahali pa kuegemea. Onen alimsikiliza, akapiga makofi.

"Shemeji! Bado tu? Mimi nilidhani alikwisha kukuambia zamani!" Akaeleza kwamba Otema alinunua redio kwa fundi mmoja Mzungu aliyekuwa akitengeneza injini za meli pale Port Bell, naye alikuwa anarudi kwao. Kaseti ilikuwa imesahauliwa ndani, haina maandishi. "Tuliisikiliza zamu nzima tukicheka. Nikasema hii ni redio mbovu. Yeye akasema, hapana, kuna msichana Naguru ataipenda."

Otema alikuwa ameketi kizingitini akipiga buti rangi.

"Baba Lumi, ule muziki ni wa nani?"

Brashi ilikwenda, ikarudi. "Umezungumza na nani?"

"Na mtu wa kwao."

Akaiweka brashi chini. "Ulikuwa mchezo," akasema. "Nilitaka kukuambia siku ileile. Lakini ulivyonitazama... Hakuna aliyewahi kunitazama vile. Nikakosa pa kuanzia."

"Miaka yote hii?"

"Kwani wimbo si uleule? Umepungua nini?"

"Wimbo haujapungua."

Alisimama pale, na yote aliyoyameza yakamrudia: kununa, pombe, mwanamke wa Luzira. Aliyameza kwa ajili ya mtu aliyejua kuacha nafasi kati ya tone na tone. Na mtu huyo alikuwepo kweli, jikoni kwake, kwenye nchi ya baridi, hajui hata kama yuko Ayaa duniani. Msamaha wote ulikuwa umekwenda kwake.

Miezi michache baadaye Otema akahamishiwa Moroto. Lori lilisimama mbele ya layini na Onen akaja kusaidia kupakia. Ayaa alitoa sanduku la mumewe, blanketi lake na kioo chake cha kunyolea. Otema akangoja.

"Na godoro?"

"Hilo ni langu na Lumi. Nimepata chumba Kamwokya, karibu na kazi."

Otema alimtazama Onen, kisha akamtazama mkewe. "Watu watasema umemwacha mume kwa sababu ya kaseti."

"Si niliolewa kwa sababu ya kaseti?"

Onen akajitia kukagua kamba. Dereva akapiga honi. Otema akambeba binti yake, akamweka chini, akapanda nyuma bila kuaga mtu mwingine.

Ayaa alisimama wima mpaka lori lilipopinda kona. Ndipo akakaa juu ya godoro palepale uani, akalia kwa sauti, huku jirani yake Akullo akimshika Lumi mkono na kumpeleka ndani kunywa chai.