Mifupa Michache ya Kweli

Nilikuwa bandarini Mkoani, nikisubiri boti, nilipopata habari kuwa mwalimu wetu wa sayansi, jirani yangu wa Madungu, amefariki. Tangu saa ile kila nikifumba macho namwona amebeba mnyama wake wa mbao, anatembea taratibu kana kwamba mnyama yule amelala. Wasomaji wangu wa siku zote mtanisamehe, leo sina hamu ya siasa.

Mnyama mwenyewe ni dinosaria mdogo, mwindaji, mwenye manyoya kama ndege na kimo cha kuku. Wataalamu wa nchi za mbali wameokota mifupa yake michache tu. Marehemu alichonga kiunzi kizima kwa mti wa mfenesi, akakiweka ukumbini kwake. Mifupa iliyopatikana kweli aliipaka chokaa. Ile ya kukisia aliiacha na rangi ya mti. Watu walimtania, "Yakhe, kuku wako huyu mbona ana meno?" Naye alicheka. "Hii myeupe ndiyo tuliyonayo. Ilobaki twaota, lakini na tujue kuwa twaota." Alasiri, jua likipenya dirishani, mimi niliapa kuwa kile kiunzi kinahema.

Kwetu, nyumba yenye ugeni hupakwa chokaa. Asubuhi ya hitma wapwa wake, kwa mapenzi, walipaka kuta, wakapaka kibaraza, wakamalizia na mnyama, kuanzia meno hadi ncha ya mkia, mweupe pe. Dada wa marehemu, aliyemlea tangu mdogo, akatoka chumbani, akamwona mnyama.

"Mmemfanyani ndugu yangu?"

"Tumempendezesha, mama."

"Mmemzulia!"

Akaomba kitambaa na maji, akafuta. Lakini chokaa ya zamani ilitoka pamoja na mpya, ukabaki mti mtupu, mfupa wa kweli hauna tofauti na wa ndoto. Akatuuliza mmoja mmoja ipi ilikuwa myeupe. Hatukukumbuka, maana miaka yote ile tulikuwa tukicheka tu.

Hitma ikasomwa, tukala, masimulizi yakaanza. Mmoja akasema marehemu hakuwahi kukasirika hata siku moja. Hakuwahi! Mimi nilimsikia akigombana na jogoo wa jirani mpaka sauti ikamkauka, na kwa ugomvi ule nilimpenda zaidi. Nikaona ndiyo chokaa ile ile. Tunawapaka wafu wetu weupe kwa kuwapenda, halafu hatuwaoni tena. Aliyetangulia tumsimulie kwa tunachokijua, hata kikiwa kidogo, na tukianza kuota tuseme kuwa tunaota.

Ndipo nikakumbuka. Aliwahi kunishika mkono, akanigusisha ukucha mkubwa wa mguu wa kushoto, uliopinda kama ndoana, akasema, "Huu wa kweli." Nilimwendea dada yake nikamwambia. Akachovya kidole kwenye ndoo ya chokaa, akaupaka huo peke yake.

"Basi huu tunao," akasema.