Daraja la Meno la Maalim Idi

Naikumbuka siku moja, mwanangu, siku ya mvua ya vuli, ile mvua ya Nyeri isiyo na haraka, Maalim Idi alipoingia katika kliniki yangu amefunika mdomo kwa leso. Ilikuwa miaka michache tu tangu bendera yetu ipandishwe. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Uingereza na diploma ya udaktari wa meno, na nilikuwa nimeitundika ukutani mahali ambapo mgonjwa akilala kwenye kiti hawezi kutazama kitu kingine. Sioni haya kulisema hilo. Mtoto wa mchuma kahawa wa Mukurweini, aliyekwenda shule bila viatu, akirudi na karatasi kama ile ana haki ya kuitundika. Siku hizo, kuanzia Murang'a hadi miguuni pa mlima, aliyetaka daraja la meno la uhakika alikuja kwangu.

Na daraja la meno si jambo dogo. Jino likitoka, unayasaga kidogo meno yaliyo jirani, moja kila upande wa pengo, unayavika kofia, na kofia hizo zinalibeba jino la bandia katikati, kama kingo mbili za mto zinavyobeba gogo la kuvukia. Hulivui ukilala. Limekaa hapo mpaka mwenyewe analisahau. Usione vyaelea, vimeundwa.

Maalim Idi alikuwa mzee wa Majengo, baba yake Mnubi na mama yake Mkikuyu wa Tetu. Kwa miaka mingi alikuwa akiwafundisha watoto wa Waislamu wa mji kusoma Kurani. Alikuwa ameteleza kwenye ngazi zilizolowa akavunja meno mawili ya mbele, ya juu.

"Daktari," aliniambia, "mimi sitafuti urembo. Mke wangu ameshanizoea. Shida ni watoto, wananiiga."

"Wanakuiga namna gani?"

"Nikisoma hewa inapita kwenye pengo, herufi zinaharibika. Nao wanaziharibu vile vile, na meno yao yote wanayo! Sasa nimenyamaza. Wazee wa msikiti wamesema Ramadhani ikinikuta hivi, watamleta mwalimu mwingine kutoka Murang'a."

"Maalim, hiyo ni kazi ndogo sana kwangu," nilimjibu.

Nilifanya kazi ile kama fundi anayejua kwamba atatazamwa. Meno yalikuwa meupe, marefu kidogo, mazuri kuliko yale aliyopewa na Mungu. Nyuma niliyatia dhahabu nene ili yawe imara. Kisha nikayagandisha kwa saruji ya meno, ile ya kudumu, siku hiyo hiyo. Wenzangu wangeweka ya muda kwanza, ya kujaribia. Mimi wa kujaribia nini? Nikampa kioo.

Akajitazama kwa muda mrefu. "Mashallah. Haya ni meno ya bwana harusi." Kisha akafumba macho, akajaribu kusoma maneno mawili matatu kwa sauti ya chini. Nikaona uso wake ukibadilika. "Daktari, ulimi unagonga ukuta."

"Utazoea tu, Maalim. Hiyo ni kitu ya siku mbili."

"Na nisipozoea?"

Nikamwonyesha ukuta wenye diploma. Ndiyo, mwanangu, nilinyoosha kidole na kumwonyesha mzee wa umri wa baba yangu karatasi. Akaitazama kwa adabu, akavaa kofia yake, akaenda zake kwenye mvua.

Alirudi baada ya wiki. Safari hii alikataa kukaa.

"Githinji," akasema. Hakuniita daktari. "Siku ile ulinipa kioo nione ninavyoonekana. Hukuniambia nisome usikie ninavyosoma. Watoto wangu sasa wana kosa jipya. La kwanza lilikuwa la ngazi, hili la pili ni lako. Na Ramadhani imebaki wiki mbili."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

"Njoo hapa," akasema, akanishika mkono, akanisimamisha mbele ya kioo changu mwenyewe. "Sema jina lako, polepole. Tazama ulimi."

"Gi... thi..."

"Simama hapo hapo! Ulimi uko wapi?"

Ncha ya ulimi wangu ilikuwa imechungulia chini ya meno yangu mawili ya mbele, ikiyagusa ukingoni.

"Hiyo ndiyo dhali yangu, 'dh' ya Kurani, ile mnayoiandika 'th' kwa Kikuyu," akasema. "Mimi niliifundishwa kwa kiboko. Wewe umezaliwa nayo, iko ndani ya jina lako, na hujui inakaa wapi. Kumbe huko ng'ambo walikufundisha meno wakasahau ulimi?"

Kisha akanionyesha herufi zake, moja baada ya nyingine. Hii inakaa ukingoni mwa meno ya juu. Hii nayo ni ukingo huo huo ukigusa mdomo wa chini kwa ndani. Ile inatoka nyuma, ubavu wa ulimi ukiegemea magego. Alinifanya niweke kidole mbele ya mdomo wake nisikie pumzi ya kila moja inapotokea. Nilisimama pale, mwanangu, nywele zimenisisimka. Mzee huyu hakuwahi kuingia maabara, lakini alikuwa na ramani ya kinywa iliyopokelewa mdomo kwa mdomo tangu karne nisizozijua, na ilikuwa sahihi kuliko michoro niliyoikariri kwa taa ya umeme.

Nikalipasua daraja langu kwa mkono wangu mwenyewe. Kazi nzuri kama ile, ikatoka vipande vipande. Nikamtengenezea jingine kwa nta kwanza. Nilikwangua upana wa unywele, yeye akasoma. "Bado." Nikakwangua. "Karibu." Siku tatu tulifanya hivyo, yeye akiwa mwalimu na mimi mwanafunzi, na siku ya nne alisoma aya nzima bila kusimama. Mtu aliyekuwa akingoja nje na shavu lililovimba alivua kofia, na alikuwa Mkristo. Mimi nilikuwa nimeshika kijiti cha kukwangulia nta nikasahau kukiweka chini.

"Sasa litengeneze la kudumu, uligandishe," Maalim akasema. Alipofika mlangoni akageuka. "Daktari, dhali yako ni safi kabisa. Ni hizo 'ere' na 'ele' unazozichanganya ndizo zingehitaji daraja."

Mwalimu wa Murang'a hakuitwa. Jioni moja kabla ya mwezi kuandama nilipita Majengo makusudi, nikasimama kando ya dirisha la madrasa. Maalim alitamka, watoto wakapokea, na hakuna hewa iliyopotea.

Mwanangu, wazee wetu wa Kikuyu husema mwerevu ni yule aliyeshauriwa. Soma, upate karatasi yako, uitundike juu kabisa. Usiionee aibu, mimi yangu bado iko ukutani. Lakini kabla hujaikaza kazi yako isiweze kutoka, mwulize atakayeishi nayo anataka kufanya nini nayo, kisha unyamaze umsikilize mpaka amalize. Mwenye kinywa anakijua kinywa chake.

Mungu akubariki. Akupe mikono mizuri kuliko yangu, ingawa hapo atakuwa na kazi, na akupe masikio mapema kuliko alivyonipa mimi.