Siku Kukhu Alipotema Mate

Nilikuwa mtoto wa miaka tisa hivi tulipohamia laini za vibarua kwenye shamba la mzungu mmoja kule Moiben, na sitaficha: sikutaka kitu kingine duniani ila Chebet aniite kucheza. Sisi tulitoka upande wa Kakamega. Chebet na wenzake walinicheka nilivyotamka maneno yao, na wakienda mtoni waliniacha. Nikajifunza nyimbo zao, nikafunga kitambaa kama wao. Wapi.

Halafu Kukhu, mama yake baba, akaja kututembelea. Haikupita wiki, mdogo wake Chebet, aliyekuwa bado ananyonya, akafura tumbo na kuanza kutapika. Wanawake wa laini hawakuhangaika kutafuta sababu. Mtoto akifura tumbo baada ya kula, kuna mtu amemtazama kwa jicho baya, na mgeni pale alikuwa mmoja tu.

Walikuja mchana, wanawake sita, Mama Chebet mbele na mtoto amelegea mikononi. Chebet akanishika mkono. Alikuwa hajawahi kunishika.

"Wewe ndio unakaa na huyu mama," Mama Chebet akaniambia. "Jana mtoto akinywa uji, huyu alipita kwangu ama hakupita?"

Kukhu hakuwa amepita popote. Kutwa nzima tulikuwa nyuma ya nyumba, mimi na yeye, tukipukuchua mahindi. Nilijua hivyo kuliko mtu yeyote. Chebet akanibana vidole.

"Alipita," nikasema.

Kukhu alinitazama. Angeniuliza neno moja tu mbele yao, ningelia na kusema kweli, naapa. Lakini aliutazama ule mkono nilioshikwa, kisha akaomba maji. Dawa ya jicho ilijulikana: mwenye jicho mwenyewe asukutue amtemee mtoto, na akitema amekubali kwamba ni yeye. Akasukutua, akamtemea mtoto kifuani, polepole.

Jioni mtoto alinyonya. Kesho yake akacheka, na hapo maneno yakaisha. Tangu siku hiyo wanawake wakimwona Kukhu walifunika watoto kwa leso, mpaka baba akamtafutia lori la kumrudisha nyumbani.

Asubuhi ya safari nilimbebea kikapu hadi barabarani. Nikamuuliza kwa nini alikubali kutema.

"Mimi narudi kwetu," akasema. "Wewe ndio unabaki nao."

Nilibaki nao. Chebet aliniita kucheza siku hiyo hiyo, nikaenda, na nitasema lililo baya zaidi: nilifurahi. Leo watu wananisifu kwamba mimi ni mtu wa watu, popote unaponiweka nakaa. Ni kweli. Wakisema hivyo namwona Kukhu kwenye lile lori, juu ya magunia ya mahindi, akinipungia mkono kama mtu ambaye hajafanyiwa kitu, na aibu inanipanda upya.

Baba nilikuja kumwambia ukweli tukiwa tumeshamzika mama yake.