Folda ya Peke Yake

Mchana ule matangazo ya vifo yalikuwa hewani, nami nilikuwa naweka programu mpya ya sauti kwenye kompyuta ileile iliyokuwa ikiyarusha. Redio yetu ya Tabora haikuwa na nyingine. Programu ya zamani ilikuwa imeanza kukatakata sauti, na hiyo mpya tuliipata kama msimbo tu, yaani maagizo yaliyoandikwa, ikabidi niijenge mwenyewe iwe programu ya kutumika.

Ujenzi ulipokwisha, mkuu wa kituo alikuja kusimama nyuma ya kiti changu. "Si umalizie tu, dada? Bonyeza iingie."

"Nikiiacha ijichagulie pa kukaa, itaifuta ile ya zamani," nilimjibu. "Halafu ikigoma, tunanyamaza."

Ng'ambo ya kioo mtangazaji alikuwa anasoma jina la marehemu wa Kigwa. Bukene kulikuwa na ndugu waliosubiri kusikia saa ya mazishi ndipo waanze safari.

Nikaandika njia ya kufikia folda mpya, ya peke yake, herufi kwa herufi, nikairudia kuisoma. Nikabonyeza. Majina ya faili yakamiminika kwenye skrini, kisha yakasimama. Nilipoifungua programu mpya, ilitoa ujumbe wa kosa kwamba kuna faili inayokosekana, ikajizima.

Nikainua macho. Mdomo wa mtangazaji ulikuwa bado unacheza, na kwenye spika ya ukutani sauti yake ilikuwa inataja saa kumi alasiri.

"Imekufa?" mkuu aliuliza.

"Mpya ndiyo imekufa. Ya zamani haijaguswa."

Akavuta kiti, akakaa kando yangu. Nikaanza kutafuta kilichokosekana.