Mbwa Lazima Awe na Kazi

Yule mbwa sikumtaka. Nalisema hili mwanzo kabisa, asije mtu akanivika huruma nisiyokuwa nayo. Alikuwa amejilaza chini ya meza yetu ya kupigia pasi, nyuma ya nyumba za wageni ninakofanya kazi pale Galu, anatokwa na makamasi, macho yameganda tongo, na mimi nina mashuka ya kunyoosha. Nikapiga simu kwa watu wa kuokoa wanyama waje wamwondoe. Wakaja, wakamzoa kwa blanketi, nikasema alhamdulillahi, nikapiga deki.

Baada ya muda, daktari wao akanirudia. Binti wa bara, mpole, uso umechoka.

"Shikamoo mama. Ile mbwa yako imepona homa."

"Mbwa wangu? Tangu lini?"

Akacheka kidogo, kisha akanieleza. Homa ilikwisha lakini ilikuwa imekwishampitia kwenye ubongo na mishipa ya fahamu. Atatetemeka hadi siku ya kufa kwake, na kifafa kitamwangusha mara kwa mara. Hakuna dawa ya kumponya, ipo ya kumtuliza tu. Si kichaa, haambukizi mtu. Ila pale kwao pamejaa, na mbwa kama yule hana anayemtaka.

"Akikosa pa kukaa, tutamchoma sindano alale," akasema. "Nimekuja kwako kwa sababu wewe ndiyo ulipiga simu."

Sasa hiyo ni adabu? Mtu anakuamkia shikamoo kisha anakutwika roho ya kiumbe kichwani! Nilimwambia hivyo hivyo, akainamisha macho, hakuondoka. Ilikuwa ndiyo kwanza masika yameanza, nyumba za wageni zinafungwa, nami narudi nyumbani kukaa bure hadi wageni waje tena. Nikasema haya, nipe, nitakaa naye mpaka mpate mtu.

Nyumbani kwangu ni Kinondo. Nyumba ni yangu, nimeijenga kwa mikono hii baada ya kuachwa, lakini kiwanja ni cha marehemu baba, na neno la kiwanja analo kaka yangu. Tumezaliwa wawili tu. Kaka ni mtu wa swala tano, mcheshi, anapendwa na watu, na nyuma ya nyumba yangu ndiko analima mahindi yake. Aliponiona nashusha mbwa kwenye tuktuk alisimama na jembe lake begani.

"Dadangu, hicho nini?"

"Mbwa."

"Naona ni mbwa. Wa nini?"

Nikamweleza habari ya sindano. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kama anayemsomesha mtoto: mbwa wa kuwinda, sawa, wa kulinda mifugo, sawa, wa shamba, sawa. Wa kufugwa kwa kuonewa huruma tu, hilo kwenye kiwanja cha baba hatalikubali. Awe na kazi au aondoke. Na hakukosea, ndivyo tulivyofundishwa chuo cha Qur'ani sote wawili. Majirani zetu wengi wana mbwa wa kufukuza nyani, na hakuna hata mmoja anayekanyaga kizingiti cha nyumba.

"Atalinda mahindi yako," nikasema. Wallahi sijui neno lile lilitoka wapi.

Kaka akamtazama. Mbwa wakati huo alikuwa anajaribu kupita mlango wa ua na anaukosa. Mguu wa mbele ulimruka wenyewe bila kuamrishwa, taya lilikuwa linatafuna na mdomoni hamna kitu.

"Huyu?"

"Huyu."

Alicheka hadi akaweka jembe chini. Lakini alikubali, na mbele ya majirani akatamka makubaliano: siku mbwa atakayoacha kazi, ndiyo siku atakayoondoka. Nami nilijua akiondoka anakwenda wapi.

Basi ikawa hivi. Alfajiri nikishaswali, namfunga kamba ya katani, namkokota hadi kwenye dungu la kaka, kile kitanda cha miti cha kulindia shamba. Namfunga kwenye mguu wa dungu, chini ya kivuli. Kisha napanda juu mimi. Nyani wakitokea msituni, napiga bati, napiga kelele, narusha mawe. Wakikimbia, kaka huko aliko anasikia fujo na kusema mbwa yuko kazini. Mtu mzima mimi, mwenye wajukuu, kutwa nzima nabwekea nyani ili mbwa apewe sifa. Nikishuka jioni sauti imekauka, na mwenye kibarua amelala chini anatafuna hewa.

Kulisha nako kulikuwa na mambo. Kichwa kilikuwa hakitulii, akikiinamisha kwenye sahani anajigonga, chakula kinaruka. Mwanzo nilifunga upawa kwenye fimbo ndefu nikawa namlisha kwa mbali, maana ute wa mbwa kwetu ni najisi nzito, huoshwa mara saba, na mojawapo kwa udongo. Upawa ukawa unampiga meno. Nikavumilia siku kadhaa, nikaona, aka, huku ni kumtesa. Nikashika kichwa chake kwa mkono wa kushoto, nikamtia sima mdomoni kwa wa kulia, kidonge chake cha kifafa kimo ndani ya tonge. Kisha naenda kwenye ndoo na kopo langu la udongo, naosha, nahesabu. Mikono ilichubuka. Kaka alikuwa akinipita pale kwenye ndoo ananiambia, "Ungezaa mwingine ingekuwa kazi ndogo."

Alikuwa na ulimi, kaka yangu. Jioni barazani aliigiza mwendo wa yule mbwa, kiuno kikienda kulia na kichwa kushoto, mpaka wazee wakashika mbavu. Watoto wakamwita mlevi, wakawa wanamrushia kokwa waone akikwepa anaangukia upande gani. Nami nilicheka, kusema kweli. Kaka anajua kuigiza. Lakini kicheko kikiisha nilikuwa naona uchungu, naingia ndani naropoka peke yangu.

Kwa kuwa yule mbwa alikuwa na mambo yake. Alikuwa akijua hatua zangu. Nikitoka tu ndani, mkia unaanza kupiga, na mkia ndicho kitu pekee mwilini mwake kilichokuwa kikimtii. Kifafa kikimpata, nilikuwa naweka paja langu chini ya kichwa chake asijipigize, nakaa hivyo mpaka kipite. Akizinduka hakuwa akijua yuko wapi, ananinusa kwanza kiganja, ndipo anatulia. Mtu hajaninusa kiganja akatulia tangu nilipoachwa. Nilimpenda. Haya, nimesema.

Mahindi yakaanza kubeba, na nyani wakaongezeka. Dume moja kubwa likawa linakuja kukaa kwenye ukingo wa shamba, mbali na mawe yangu, linatutazama. Haliniogopi, wala halina haraka. Siku moja mbwa alipoanguka kifafa, lile dume lilisimama, likasogea hatua chache likitazama. Nikaruka kutoka juu na bati mkononi, nikalifukuza hadi kwenye miti. Nilimwambia kaka siku ile ile: nyani wameshamjua kuwa mgonjwa, hawezi kuachwa peke yake pale. Akaniambia, "Mlinzi analindwa?" Watu wakacheka.

Kisha ikafika miadi yangu ya jicho katika hospitali ya Msambweni. Nilikuwa nimeisubiri kwa muda mrefu, nikiikosa narudishwa nyuma ya foleni. Usiku nilimpigia simu yule daktari wa bara aje amchukue kwa siku moja, akasema yuko Vanga, barabara imekatika kwa mvua, hawezi kurudi. Asubuhi nikamlisha mbwa, nikamfungia katika jiko la nje, nikaweka gunia chini na maji pembeni. Nikaenda kwa kaka, nikamwamkia vizuri, nikampa ufunguo, endapo maji yatamwagika.

"Kaka, leo hafanyi kazi. Mwache humo humo. Nikirudi alasiri nitapanda dunguni mimi."

"Nenda dadangu. Jicho lako ndilo muhimu. Usiwe na wasiwasi."

Hospitalini walinitia dawa ya kupanua mboni ya jicho. Ukitiwa ile, jua linakuwa moto mweupe, huoni sura ya mtu hata akikusimamia mbele. Nilirudi kwa bodaboda nimejifunika ushungi usoni. Niliposhuka nikapita moja kwa moja shambani kwanza, kwa hofu ya mahindi, maana nyani wakiyala ndio mwisho wa makubaliano. Mahindi yalikuwa yamesimama yote. Halikukatika bua hata moja. Wallahi nilifurahi! Nikaona chini ya dungu kitu cha kahawia, nikadhani kaka ametoa gunia langu jikoni kulianika. Nikaenda kulichukua nisije nikalisahau.

Kamba ilikuwa bado imefungwa, imezunguka mguu wa dungu mpaka ikaisha. Alikuwa amezungushwa, au amezunguka mwenyewe kuwakimbia, akafika mahali pasipo na kamba tena. Tumbo lilikuwa wazi. Sikio moja halikuwapo. Nilipiga magoti nikampapasa kwa mikono, kwa kuwa macho hayakuniambia vya kutosha, na mikono ikaniambia yote. Alikuwa bado na joto upande wa chini.

Nilipiga yowe. Kaka akaja akikimbia kutoka msikitini, kofia kichwani, bado ana maji ya udhu kwenye ndevu. Akaniona, akaona na kile nilichokishika. Kabla hajanipa pole, akatazama shamba lake, mstari kwa mstari.

"Wameyala?"

"Nilikwambia umwache jikoni."

"Amekula asubuhi, lazima afanye kazi, si ndivyo tulivyokubaliana? Nimemfunga nikaenda adhuhuri, nikakaa kidogo na wazee. Nakuuliza mahindi. Wameyala?"

"Hawakuyagusa."

Akapumua. Akajifuta ndevu kwa upindo wa kanzu. Na alichosema hakukisema kwa ubaya, ndilo linaloniua. Alikisema kwa roho safi, akinipoza dada yake, kama anayempa marehemu haki yake.

"Alhamdulillahi. Basi leo kafanya kazi."

Nilimchimbia peke yangu, kwa jembe la kaka, sikuomba ruhusa. Nilikuwa na damu hadi viwikoni, nayo sikuiosha mpaka nilipomaliza kumfukia. Yule daktari alipopiga simu kuuliza anaendeleaje, kwani amepatikana mzungu mmoja Tiwi anayekubali mbwa wagonjwa, nilimwambia amekufa kwa kifafa. Sikuwa na nguvu ya kumtajia nyani.

Mahindi yalikuwa mazuri mwaka ule. Kaka alinigawia gunia, akaniambia hili ni la mlinzi wako, na alidhani ananifurahisha. Ijumaa akitoka msikitini huja kula kwangu, kama ilivyokuwa desturi tangu mama alipofariki. Nampikia sima ya mahindi yale, nampakulia samaki, namtilia maji ya kunawa, nasema karibu kaka. Anakula, anasifu, ananichekesha. Namchukia kwa moyo wangu wote, na hajui.