Nililimeza Neno la Galgalo

Bwana Mhariri, usiliandike jina langu. Si kwamba nawaogopa watu. Hapa kwetu karibu na Garsen kila mtu anajua nililolifanya, hata wanaojifanya hawajui. Naona haya tu wanangu walisome gazetini. Nimekosa! Nimekosa, na sitaki mtu anionee huruma.

Mimi ni mkulima na ni mjumbe wa baraza letu. Kijiji kilinichagua kwa sababu najua kusoma na kuandika. Laiti wangemchagua asiyejua!

Barazani nilikaa benchi moja na mfugaji wa Kiorma, nimwite Galgalo. Alikuwa rafiki yangu hasa. Mke wangu alipokaukiwa na maziwa akiwa na mtoto mchanga, mke wa Galgalo alituletea kibuyu cha maziwa kila asubuhi mpaka mtoto akatambaa. Hawakutaka hata mkungu wa ndizi. Sasa sikilizeni nilivyowalipa.

Ng'ombe wake waliingia shambani kwangu wakala mpunga uliokuwa unaanza kuzaa. Galgalo alikuja mwenyewe kabla sijamwita.

"Ng'ombe yangu nakosa, ndugu. Chagua dume moja, chukua."

Nikakataa. Nilitaka kubaki na hasira yangu, mjinga mimi! Nikaiatamia kama kuku na mayai yake.

Haukupita muda ikaletwa barazani hoja ya kufunga malka, ile njia inayokata katikati ya mashamba, ng'ombe wanakoshukia mtoni kunywa maji. Mjumbe wa wafugaji alikuwa Galgalo peke yake. Siku tatu kabla ya kikao akaja kwangu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mifugo yake ilikuwa mbali, imeshikwa na ugonjwa.

"Mimi nakwenda angalia ng'ombe. Wewe sema kwa baraza: ngoja Galgalo, kikao ingine anakuja. Sema hiyo tu."

"Nitasema," nikamjibu. Kwa mdomo huu huu!

Siku ya kikao mwenyekiti akauliza, "Galgalo yuko wapi? Kuna aliyetumwa neno lake?" Akatazama benchi letu. Mimi nikatazama vidole vya miguu yangu. Akauliza mara ya pili. Mzee mmoja akadakia, "Hajali huyo, tuendelee." Tukainua mikono, na wangu ulitangulia.

Tena mimi ndiye niliyeandika maneno ya sheria: mtu asipite katika ardhi ya mwenzake kwenda mtoni bila idhini. Ng'ombe sikuwataja kabisa. Nilitaka isikike kama sheria ya wakubwa, na jioni nikamsomea mke wangu kwa majigambo.

Malka ikazibwa kwa miiba. Kiangazi kikaja, ng'ombe wa Galgalo wakazungushwa mbali, kutwa nzima bila maji, na ndama wakafia njiani. Nilikutana naye sokoni. Akaniuliza neno moja tu, "Ulisema?"

"Nilisema, wakakataa kunisikiliza."

Uongo juu ya uongo! Naye alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba nilinyamaza. Akanitazama, akaenda zake.

Kisha masika yakaingia. Mto Tana, nyinyi wa mbali mnaujua kwenye ramani tu. Ukifurika si lazima urudi ulikokuwa. Maji yaliposhuka tukakuta mto umeshika njia nyingine, kule nyuma ya malisho. Mbele ya mashamba yetu pamebaki mfereji wa matope. Na ardhi iliyo kati yetu na maji ni malisho ya akina Galgalo tangu babu zao. Mchimba kisima huingia mwenyewe!

Mke wangu akaenda na mtungi kichwani kwa hofu, maana ile sheria aliijua. Galgalo alikuwa amesimama njiani.

"Pita, mama," akamwambia. "Chota maji. Siku ile sheria napitishwa, mimi sikuwa hapo."

Mke wangu aliporudi alinieleza yote, akautua mtungi mbele yangu. "Haya, kunywa," akasema. Tangu siku hiyo hajaniita baba watoto.

Nimeliomba baraza liifute sheria. Wenzangu wananiambia nisubiri. Wale wale walioinua mikono upesi, leo mikono imewafia! Galgalo hataki kurudi barazani. Amekaa huko kwake, na neno lake hampi tena mtu yeyote.

Nyinyi mnaokaa katika mabaraza, kutoka Chara mpaka Chewele, mto mzima, nisikieni! Hasira ya mpunga wako usiingie nayo kwenye kikao. Na ukitumwa neno na mtu asiyekuwapo, liseme, hata kama umemchukia, hata likikuchoma ulimi.

Mimi maji ninayokunywa kila siku yanapita katika ardhi yake, kwa idhini yake, na hajatunyima hata mara moja. Angetunyima ningepumzika!